Maswali ya Wasomaji: Marejeleo nimeweka yote, mbona naambiwa nimeiba?

Mwezi huu bahasha imejaa watu wa risechi na desatesheni, nadhani sababu dedilaini za vyuo vingi zimekaribiana, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa sura tofauti: namna ya kutaja vyanzo. Nimekaa dawati la maktaba ya chuo miaka mingi na hili jambo liko moyoni mwangu kweli, kwaiyo barua zingine za mambo ya mikopo na hosteli mnisamehe, zitasubiri toleo lijalo.

Dada shikamoo. Mi niko mwaka wa tatu hapa Morogoro, nasoma mambo ya kilimo. Supavaiza kaipitisha ripoti yangu kwenye Turnitin ikasoma asilimia 38, akanirudishia na neno moja tu, punguza. Sasa dada mi mwishoni nimeweka kila kitabu nilichotumia, vipo 41, sijaficha hata kimoja. Rafiki yangu wa hosteli anasema kuna jamaa wa stesheneri anapunguza kwa elfu thelathini, anabadili maneno tu mpaka inasoma chini ya kumi. Inaruhusiwa asilimia ngapi, na huyo jamaa nimpe? (Mkulima Msomi, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Hiyo elfu thelathini kaa nayo.

Kwanza tuelewane Turnitin inafanya nini. Ile programu haijui wizi, inajua kufanana tu. Inachukua maandishi yako inayalinganisha na kurasa za mtandao, majarida, na kazi za wanafunzi zilizowahi kupakiwa humo, alafu inakuonyesha maneno yaliyofuatana sawa na ya mahali pengine. Kwaiyo lile tamko la mwanzoni ambalo wanafunzi wote wanasaini linaweza kuhesabiwa, orodha ya marejeleo inahesabiwa, hata nukuu uliyoifungia vizuri kwenye alama zake inahesabiwa, mpaka anayeangalia achague kuziondoa. Ndo maana sikupi namba, kila chuo kina kiwango chake na kitivo chako ndo kinajua, ila mtu anaweza kuwa na 25 akawa msafi kabisa na mwingine ana 6 na hizo sita zote ni aya moja nzima aliyoibeba kama ilivyo. Muombe supavaiza ile ripoti yenyewe yenye rangi, namba peke yake haikusaidii kitu.

Sasa kuhusu vile vitabu 41. Orodha ya mwisho inaniambia umepita nyumba 41, hainiambii chumvi uliomba kwa nani na sufuria kwa nani. Msomaji akiwa ukurasa wa 12 anasoma sentensi yako anatakiwa ajue palepale hii ni sauti yako au ya mtu, na kama ni ya mtu, ni nani na mwaka gani. Jina ndani ya maandishi na jina kwenye orodha ni pacha, ukiwa na moja bila mwenzake bado hujataja chanzo.

Alafu kuna lile la kubadili maneno, na hapa ndo wengi wanaanguka bila nia mbaya. Nitunge sentensi ya mfano, tuseme kitabu kinasema: "Wakulima wadogo huuza mahindi mara tu baada ya mavuno kwa sababu hawana maghala salama na wanahitaji fedha za ada za shule." Mwanafunzi anaandika: "Wakulima wenye mashamba madogo huuza mahindi punde baada ya kuvuna kwa kuwa hawana maghala ya uhakika na wanahitaji pesa za karo (Fulani, 2016)." Jina kaweka, mwaka kaweka, lakini mifupa ya sentensi ni ileile, kabadilisha nguo tu. Linganisha na hii: "Fulani (2016) anaona mauzo ya mapema yanasukumwa na mambo mawili, hifadhi na ada, kwenye mahojiano yangu la hifadhi ndo limetajwa zaidi." Hapo umemsikiliza mtu, ukamuelewa, ukaweka neno lako pembeni ya lake. Njia ninayowapa wanafunzi wangu ni rahisi, soma aya, funga kitabu, msimulie mwenzako wa chumbani kwa mdomo kana kwamba unamweleza habari ya kijijini, ndo uandike ulichosema, kisha fungua kitabu uhakikishe hujampotosha mwenye nacho. Ukiona huwezi kusimulia ujue bado hujaelewa, rudi usome tena.

Yule jamaa wa stesheneri atafanya kinyume chake, ataipitisha kazi yako kwenye programu ya kubadili maneno. Mwaka 2021 watafiti watatu, Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov, walionyesha makala za majarida ya Kiingereza zilizojaa misamiati ya ajabu iliyoonekana kutoka kwenye programu za namna hiyo, mfano akili bandia imegeuka kitu kama "fahamu ya kughushi", na kwingine saratani ya matiti imekuwa "hatari ya kifuani". Hebu fikiria ripoti yako ya mbolea ikirudi na misamiati kama hiyo, na jina juu ni lako.

Neno moja la kukupunguzia mzigo, kile kinachojulikana na kila mtu hakihitaji chanzo. Tanganyika kupata uhuru Desemba 1961 andika tu. Ila takwimu, tafsiri ya mtu, nadharia, ramani, picha, hivyo vina wenyewe.

Habari dada. Mwalimu mmoja anataka APA, mwingine Harvard, mwingine anasema zote sawa. Tushike ipi? (Wawili wa Dodoma)

Hizo ni namna za kupanga marejeleo, shikeni aliyoandika idara kwenye mwongozo wake, alafu muishike mwanzo mpaka mwisho. APA, ile ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ina kitabu chake, toleo la 7 lilitoka 2019, na mkiona mwongozo unaowadai mji wa mchapishaji ujue huo ni wa toleo la zamani, la 7 limeuondoa. Waandishi wakiwa watatu au zaidi mnataja wa kwanza na kuongeza "na wenzake" tangu mara ya kwanza, hamsubiri mara ya pili kama zamani. Harvard haina kitabu kimoja, ni familia ya namna za kutaja chanzo kwa jina na mwaka, ndo maana ya chuo hiki na ya chuo kile zinatofautiana nukta na mkato, na asili yake watu huirudisha kwa Edward Laurens Mark, mtu wa zuolojia pale Harvard, kwenye makala yake ya 1881 kuhusu konokono asiye na gamba. Watu wa afya wanatumia namba, ile ya Vancouver, iliyoanzia kwenye mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba 1978. Mkato ukikosewa unasahihishwa dakika moja, kwaiyo msikose usingizi.

Madam habari ya kazi. Niko Nairobi, MA ya Kiswahili. Kuna kitabu cha 1998 kinasema mtaalamu fulani mwaka 1965 alidai hivi na hivi. Hilo dai ndilo moyo wa thesisi yangu, lakini hicho cha 1965 nimekitafuta library tatu sikipati. Wenzangu wanasema niweke tu (Fulani, 1965), kila mtu hufanya hivo. Kuna ubaya? (Mtafutaji, Nairobi)

Nzuri Mtafutaji. Ubaya upo, na barua yako ndo nimeifurahia kuliko zote sababu angalau umekitafuta.

Ukiandika (Fulani, 1965) unamwambia msomaji: nimekishika hiki kitabu, nimekisoma, nenda na wewe utayakuta haya. Unamtuma mtu mahali ambapo wewe mwenyewe hujafika. Kama yule wa 1998 alinukuu vibaya, au alikata sentensi katikati, au na yeye alichukua kwa mtu mwingine wa 1980, we umekuwa shahidi wa jambo usiloliona.

Kuna kisa kimoja kuhusu hili nawasimulia wanafunzi kila mwaka. Pengine umeshasikia ile habari ya spinachi, kwamba kumbe ile sifa ya kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na makosa ya nukta ya desimali, mtaalamu wa zamani aliiweka pasipo pake chuma kikaonekana mara kumi zaidi, mpaka Wajerumani wakaja kusahihisha miaka ya 1930. Habari tamu, na daktari Mwingereza aitwaye Hamblin aliiandika kwenye jarida la tiba la Uingereza, BMJ, mwaka 1981, bila kusema kaitoa wapi. Baada ya hapo ikasambaa kwenye makala za watu wenye shahada zao, na utamu wenyewe ni kwamba wengi waliitumia kama mfano wa kuwaonya wengine wasinukuu bila kuhakiki! Mwaka 2010 mtafiti Mike Sutton akaamua kuifuatilia mpaka mzizi, akamuuliza hata Hamblin mwenyewe, naye hakukumbuka aliipata wapi, na hiyo nukta iliyohama haikupatikana. Mnorwei Ole Bjørn Rekdal akaja kueleza mlolongo wote 2014 kwenye jarida la Social Studies of Science, jinsi kila mtu alivyomwamini aliyemtangulia, na baadhi yao wakataja vyanzo ambavyo dalili zinaonyesha hawakuvifungua. Ulikuwa uvumi wa kibarazani, tofauti ni kwamba huu ulikuwa na tarehe na namba za kurasa.

Na mimi limenikuta. Kwenye utetezi wa tasnifu yangu niliweka kitabu cha zamani pamoja na ukurasa, vyote nimevitoa kwenye tanbihi ya mtu mwingine. Mtahini wa nje alikuja nacho kwenye begi. Akakifungua ule ukurasa akanisogezea, akaniambia kwa upole kabisa, nisomee. Pale palikuwa na kitu kingine kabisa, lile dai lilikuwa kurasa nyingi mbele, na mwandishi alilitaja ili alipinge. Mimi nimeandika kwamba analiunga mkono. Nilirudi nikaandika sura nzima upya na mpaka leo nikiona mwanafunzi anakopi tanbihi ya mtu mkono unanitetemeka, sikuambii haya kukutisha, nakuambia sababu najua ule ukimya wa chumba ulivyo.

Sasa wewe fanya hivi. Kwa kuwa ni moyo wa thesisi, usikate tamaa baada ya maktaba tatu, nenda kwa mkutubi muombe atafute kwenye katalogi za maktaba zingine na aulize kama inawezekana kuazima baina ya maktaba au kuskaniwa hizo kurasa chache tu. Kitabu cha mwaka huo kinaweza pia kuwa kimeshawekwa kwenye maktaba ya kidijitali kama Internet Archive. Ukikosa kote, sema ukweli: Fulani (1965, akinukuliwa katika jina la yule wa 1998 na ukurasa), na kwenye orodha ya mwisho unaweka cha 1998 peke yake, sababu ndo ulichosoma. Ila nakwambia kama dada, nukuu ya mkono wa pili inabeba mambo ya pembeni, haibebi moyo wa kazi. Ikibidi thesisi nzima isimame juu yake, zungumza na msimamizi wako mapema, labda swali lako liwe jinsi wataalamu wa baadaye walivyomwelewa yule wa 1965, hilo unaweza kulisoma kwa macho yako.

Na uangalie toleo pia. Mtu anaandika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, 1981, kumbe aliyoishika ni toleo la pili la 2004. Maana unayoinukuu labda kwenye ya mwanzo haipo hivo. Fungua ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, mwaka uko pale.

Dada mambo. Mi nikitafsiri makala ya Kiingereza kwa Kiswahili changu mwenyewe, Turnitin haishiki. Si tayari ni maneno yangu? (Bila jina, Dar es Salaam)

Poa. Maneno ni yako, ila mawazo ni ya aliyeandika ile makala. Hata mpangilio wa hoja, kwamba kaanza na hiki kamalizia na kile, ni kazi ya mtu aliyekesha. Mtaje kama unavyomtaja yeyote, na ukitafsiri sentensi nzima neno kwa neno sema ni tafsiri yako. Kinachoniuma hapa ni kwamba wanaosoma Kiswahili ndo tunaowategemea waandike kwa lugha hii vitu ambavyo havijaandikwa, na ukitafsiri kimyakimya msomaji wa Kiswahili anabaki anadhani hii hoja imezaliwa kwenye mazingira yetu, anaenda kuitumia, kumbe data zake ni za watoto wa Chicago. Umemnyima njia ya kujua.

Shikamoo. Nasoma sheria Arusha. Nimeiomba ChatGPT inipe marejeleo ya insha, imenipa matano mazuri, yana majina, miaka, mpaka kurasa. Lekchara anasema mawili hayapo duniani. Inawezekanaje? (Wakili Mtarajiwa)

Marahaba. Inawezekana sababu zile programu zinapanga maneno yanayoelekea kufuatana, na zimeona marejeleo mengi mno kiasi kwamba zinajua rejeleo linafananaje. Kufanana na rejeleo na kuwepo ni vitu viwili.

Wewe wa sheria ndo ungetakiwa kukijua kisa cha Mata dhidi ya Avianca kule New York. Abiria alidai kagongwa goti na kitoroli cha huduma ndani ya ndege, mawakili wake wakapeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, na mmoja wao alishaiuliza ChatGPT kama kesi ni za kweli ikamjibu ndio. Juni 2023 jaji P. Kevin Castel akawapiga faini ya dola 5,000. Kumuuliza shahidi yuleyule kama anasema kweli sio kuhakiki.

Na usidhani ni mashine tu. Wachapishaji Elsevier waliwahi kuweka rejeleo la mfano kwenye mwongozo wao, la kuonyesha tu waandishi wapange vipi, makala yenyewe haikuwahi kuwepo. Ikaja kutajwa karibu mara 400 kwenye makala za watu, inaonekana wengi ni wale walioacha ule mfano usifutwe kwenye kazi zao.

Kwaiyo kila rejeleo lifungue. Lina DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, iandike baada ya https://doi.org/ uone inakupeleka kwenye makala hiyohiyo au nyingine kabisa. Halina, tafuta jarida lenyewe, fungua mwaka huo, toleo hilo, ukurasa huo. Kesi za Tanzania zipo bure TanzLII, za Kenya zipo Kenya Law, hukumu unaisoma yote kwa simu yako. Zotero nayo ni ya bure na inakupangia orodha vizuri, ila hata yenyewe inachukua taarifa kama ilivyozikuta, jina likiwa limekosewa kwenye tovuti litakosewa na kwako. Kama umetumia akili bandia na chuo kinaruhusu, sema umeitumia kwa nini.

Shikamoo dada. Babu yangu hapa Pangani alikuwa fundi wa majahazi. Risechi yangu ni ya ufundi huo na mengi nimeyapata kwake, kuanzia kuchagua mti mpaka kutia kalafati. Supavaiza anasema babu sio chanzo, nitafute kitabu. Vitabu nilivyopata havina nusu ya anayoyajua. (Mjukuu)

Marahaba mjukuu, na mfikishie babu shikamoo yangu.

Babu ni chanzo. Nadhani supavaiza anachohofia ni kwamba msomaji hawezi kwenda kumhakiki, na hofu hiyo ina haki, basi mpe sababu ya kuiondoa. Kwa APA mazungumzo binafsi yanatajwa ndani ya maandishi tu, jina lake, neno "mawasiliano binafsi" na tarehe kamili, hayaingii kwenye orodha ya mwisho sababu hakuna pa kuyafuata. Lakini kama babu na mafundi wenzake ni watu uliowahoji rasmi kama sehemu ya utafiti, hao sio marejeleo, ni data yako, unaeleza kwenye sura ya mbinu uliwapataje na unawanukuu kwenye matokeo. Idara nyingi za historia zina utaratibu wao, orodha ya mahojiano inayojitegemea mwishoni yenye jina, mahali na tarehe, uliza yako inataka nini.

Alafu jina. Wengine watakuambia ficha majina ya wote kwa sababu ya maadili, na ukiwa umemuahidi mtu siri basi itunze. Ila muulize mwenyewe. Fundi aliyejenga vyombo vikaenda mpaka Pemba na Mombasa anaweza kutaka jina lake liandikwe, na kumwita "mhojiwa namba 3" ukachukua ujuzi wake wote ni kumpokonya. Akikubali pata ridhaa yake kwa maandishi au kwenye rekodi, mrekodi kwa ruhusa, andika tarehe, mahali mlipokaa, lugha aliyotumia, na yale maneno ya ufundi yaandike kama anavyoyatamka yeye, usiyasanifishe. Ile rekodi ukiweza iache nakala maktaba ya chuo, hapo supavaiza hana tena pa kusemea kwamba haihakikiki.

Na kabla ya kusabmiti rudi umsomee ulichoandika kwa jina lake. Kwenye kitabu mtu hawezi kukuambia "hapo hukunielewa", babu anaweza, tena yuko nyumbani, msomee jioni akiwa ametulia na kalamu uwe nayo mkononi.